Macho Yapate Pa Kutua: Bustani ya Nyumbani Msambweni

Mtu akipita njia kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, hata akafika Msambweni, ataona nyumba nyingi zilizozungukwa na maua, na bado asikumbuke hata moja ya nyumba hizo. Si kwa sababu maua ni mabaya. Ni kwa sababu yamepandwa kila mahali kwa kiasi kimoja: huku krotoni, kule krotoni, pembeni makopo ya rangi yenye mimea midogo midogo, na macho hayajui yaanzie wapi. Tena mwenye nyumba amechoka bure kwa kuteka maji.

Somo letu la mwezi huu ni namna ya kuchagua kitu kimoja katika bustani kiwe ndicho macho yatuapo kwanza. Kitu hicho chaweza kuwa mti, kichaka cha maua, mtungi, hata mtumbwi mkuukuu. Hapa tutakiita kituo cha macho. Faida yake si urembo tu. Mtu ajuaye mahali pa kutia nguvu zake huweza kumwagilia mmea mmoja au miwili vizuri wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, badala ya kumwagilia mimea hamsini vibaya na kuipoteza yote. Katika pwani yetu, ambapo visima vingi vya karibu na bahari huingia chumvi vikitekwa sana wakati wa ukame, hili si jambo dogo.

Kabla ya kushika jembe, kaa barazani kwako. Baraza ndipo wageni wanapokaribishwa, na ndipo wewe mwenyewe unapopunga upepo jioni, basi bustani hutazamwa kutoka hapo kuliko mahali pengine po pote. Tazama mbele. Macho yanakwenda wapi? Huenda yanakwenda kwenye kamba ya nguo, au kwenye choo cha nje, au kwenye lundo la makuti yanayongoja kuezekwa. Kisha fanya vivyo hivyo ukiwa langoni, na ukiwa mlango wa jikoni, maana apikaye hutazama kutoka huko siku nzima na mara nyingi hakuna amkumbukaye. Kila mahali pa kutazamia pahitaji kituo kimoja tu. Viwili vikionekana pamoja vitagombana.

Ukisha kupachagua mahali, usipande bado. Chukua kigoda ukiweke pale, utandike leso nyekundu juu yake, uache kwa siku tatu au nne. Itazame asubuhi, itazame mchana jua likiwa kali, na tena jua linapokuchwa. Kama leso haionekani, weka kigoda juu ya pipa. Kitu kitazamwacho kutoka hatua thelathini chapaswa kufikia kimo cha mtu, la sivyo kitamezwa na majani. Kilicho hatua tano tu kutoka barazani chaweza kuwa kidogo kama mtungi wa maji. Jaribio hili halina gharama, nalo humwepusha mtu na kuchimba shimo mahali pasipofaa, jambo ambalo katika ardhi yetu ya mawe ni adhabu kubwa.

Haifai kukiweka kitu katikati kabisa ya uwanja kama mlingoti wa bendera. Kisogeze upande kidogo, kisha uache njia nyembamba ipinde kuelekea huko. Wale waliotembea juu ya daraja la mbao lipitalo katika mikoko ya Gazi, linalosimamiwa na kikundi cha akina mama, wanajua jinsi njia ya kupinda inavyomvuta mtu akaone kilicho mbele. Ya nyumbani haihitaji mbao. Mchanga watosha, na vifuu vya nazi vilivyofudikizwa kando zake. Angalia visikae kama vikombe. Sababu tutaieleza hapa chini. Nyuma ya kituo chenyewe pawe na kitu kisicho na makeke: ukuta uliopakwa chokaa, au ua wa mmea wa aina moja. Maua mekundu mbele ya ukuta mweupe huonekana kutoka mbali. Maua meupe huhitaji giza la mwembe nyuma yake.

Sasa twende kwenye udongo, maana hapa ndipo wengi hushindwa. Ukanda wa karibu na bahari, toka Diani mpaka Msambweni na kuendelea, ni mawe ya matumbawe yaliyofunikwa na udongo haba. Udongo huo una chokaa nyingi. Mimea mingine haipendi chokaa, na dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Si kwamba mmea una kiu. Ni kwamba mizizi haiwezi kuvuta madini ya chuma yaliyomo ardhini. Iksora na milimau huugua hivi mara nyingi. Ukizidisha maji hutauponya mmea huo.

Yafaa tujifunze kutoka Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe huko mpaka pakabaki jangwa jeupe. Kuanzia 1971 Bwana René Haller alijaribu kupanda miti ya aina 26 juu ya jiwe lile tupu, na ni aina tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yakadondoka, majongoo wakayala, udongo ukaanza kufanyika, na leo mahali pale ni bustani kubwa ya miti na wanyama ijulikanayo kwa jina lake. Yeye hakulilazimisha jiwe likubali mti alioupenda. Alitafuta mti unaolipenda jiwe. Na mwenye nyumba afanye hivyo hivyo.

Kwa hiyo, kwa nyumba iliyo juu ya mawe, mmea wa kwanza ni bugenvilia. Huu ulitoka Amerika ya Kusini, lakini umezoea kwetu kama mtu aliyeoa huku. Ile rangi watu waiitayo maua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kilicho ndani. Bugenvilia hupendeza ukiwa na kiu kidogo. Ukiumwagilia kila siku na kuulisha samadi nyingi, utapata majani mengi na rangi haba. Kata fimbo yenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20, iliyokomaa, uitie ardhini mvua zinapoanza. Ikishika, usiiache itambae ovyo. Chagua shina moja, kata yote ya kando mpaka kimo cha kifua, na juu uache kichwa. Kila rangi inapokwisha, punguza matawi. Bugenvilia wa shina moja hutazamwa. Bugenvilia aliyeachwa huwa kichaka cha miiba tu, ingawa nakiri kwamba mbuzi wa jirani humwogopa.

Mmea wa pili ni waridi la jangwani, lile lenye shina nono kama chupa na maua ya pinki. Huu ni wa kwetu, huota wenyewe katika mawe makavu ya Afrika ya Mashariki. Panda katika kinu kikuukuu kilichotoboka chini, uweke juu ya jiwe, basi umepata kituo cha macho kinachohitaji maji mara moja kwa juma. Lakini maziwa yake ni sumu kali. Watu wa kale walipaka mishale yao. Vivyo hivyo mnyaa, ambao maziwa yake huweza kupofusha jicho, na olianda, ambao kila sehemu yake ni sumu. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, mimea hii isiwekwe mahali wanapochezea.

Mwenye uwanja mkubwa huenda akatamani mkrismasi, mti wa Madagaska wa maua mekundu. Hakuna mti wa pwani unaowaka kama huu mwisho wa mwaka. Lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua sakafu, basi upandwe si chini ya hatua kumi na tano kutoka nyumba, kisima au shimo la choo. Mwarobaini hatuusifu kwa kazi hii. Dawa yake inajulikana, ila ndege hupeleka mbegu zake misituni, na umekwisha kuenea mno katika misitu ya pwani.

Wale walio ndani zaidi, upande wa Kikoneni na Lukore, wana udongo wa kina na wana biksa. Wengi wameizoea kama zao la kuuza na hawaioni tena. Kichaka kimoja cha biksa kikipandwa peke yake kando ya lango, kikakatwa vizuri, hutoa maua ya pinki, kisha vishada vya maganda mekundu yenye manyoya, na mbegu zake bado huuzwa pamoja na za shambani. Mkomamanga nao ni mzuri kwa maua na matunda, ikiwa tumbili hawajakutangulia. Diani wenyeji wanajua hasara hiyo.

Usiende kung'oa mimea msituni, hata uione mizuri namna gani. Mtapo, ambao hufanana na mnazi mfupi wenye majani magumu, ni kituo cha macho kisicho na mfano, lakini hukua polepole sana, na sheria za dunia zimezuia kabisa biashara ya mitapo ya porini ya jamii yake. Nunua mche uliooteshwa kwa mbegu katika kitalu, tena uliza ulitoka wapi. Kayani ndiko kabisa kusikoguswa. Kaya Kinondo ni mojawapo ya makaya yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na tangu zamani wazee wake hawaruhusu hata kijiti kitoke. Matumbawe mabichi na makombe ya baharini pia yaachwe baharini.

Kuchimba shimo: upana sentimita 60 na kina sentimita 60. Vunja jiwe kwa mtaimbo mpaka maji yaweze kupita chini. Shimo lisilopitisha maji ni beseni, na mizizi itaoza wakati wa masika. Changanya makarai mawili ya udongo wa juu na karai moja la samadi iliyooza. Chimba mwezi wa Machi, jaza, uache udongo utulie, upande mvua za Aprili zikishika. Aliyekosa masika angoje vuli, Oktoba na Novemba, lakini ajue kwamba mmea wake utakutana na kaskazi ukiwa bado mchanga. Na nyumba iliyo mbele ya bahari ikumbuke kusi, ambao huleta chumvi. Mmea laini upande wa bahari bila ukuta wa kuukinga hautaishi.

Asiye na udongo kabisa asikate tamaa. Mtumbwi uliooza, ukitobolewa matundu chini kila hatua moja na kujazwa mchanga, samadi na mishubiri, hupendeza kuliko bustani nyingi za gharama. Mtungi mkubwa peke yake, bila mmea wo wote, ukisimamishwa juu ya jiwe pale njia inapopinda, ni kituo kamili. Asumini ipandwe karibu na baraza, si mbali, kwa kuwa usiku maua meupe na harufu hufanya kazi ambayo rangi nyekundu haiwezi.

Sasa lile la vifuu. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 Mombasa ilipata mlipuko wa chikungunya, na mbu auenezaye hazaliani katika madimbwi makubwa bali katika maji masafi kidogo yaliyokaa katika mitungi, makopo, matairi na vifuu karibu na nyumba. Kwa joto letu yai huweza kuwa mbu kwa muda wa siku saba hadi kumi. Basi mtungi wa mapambo ujazwe mchanga mpaka shingoni, au ufudikizwe, au utobolewe chini. Sahani zilizowekwa chini ya vyungu zimwagwe kila Ijumaa na kusuguliwa kwa fumba la nazi, kwa sababu mayai hushikamana na kuta zake hata maji yakimwagwa.