Mashine ya Mashua: Kuichagua na Kuitunza

Wavuvi wengi wa Ziwa Victoria, na vilevile wa bahari yetu kutoka Vanga hadi Kiunga, hawategemei tena kafi na tanga peke yake, bali hutumia mashine ifungwayo nyuma ya mashua. Mashine ya namna hii ina umri mkubwa. Bwana Ole Evinrude, fundi aliyezaliwa Norwei na kukulia Marekani, alianza kuuza mashine zake katika mji wa Milwaukee mwaka 1909, na tangu siku hizo umbo halikubadilika sana: injini juu, mguu mrefu ushukao majini, na rafadha chini kabisa.

Faida yake yajulikana. Mvuvi hufika mbali, hurudi mapema, na samaki wake hufika sokoni wangali wabichi. Lakini kuna jambo ambalo watu husahau. Gari likiharibika njiani, dereva hushuka akakaa kivulini akingoja msaada. Mashine ikizimika mbali na pwani, penye upepo na mawimbi, hapana pa kushukia. Kwa hiyo mwenye kuitunza mashine yake hulinda fedha zake na roho za wenzake pamoja. Tena mashine nyingi haziuawi na kazi. Huuawa na chumvi, na petroli chafu, na uvivu wa dakika 10 za jioni.

KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, itazame mashua yako kabla ya kuitazama mashine. Mashua nzito ya mbao haipandi juu ya maji kama boti nyepesi ya mbio. Ina mwendo wake, na ikiisha kuufikia, nguvu zaidi huishia kuinua mawimbi na kunywa petroli. Mashine ya mipigo miwili yenye nguvu za farasi 15, ikiendeshwa kwa nguvu zote, hunywa petroli lita 6 au zaidi kwa saa moja. Ile ya farasi 40 hunywa zaidi ya mara mbili ya hizo. Mtu asinunue kubwa kwa sababu jirani anayo kubwa. Na mashua ndogo ikifungwa mashine nzito kupita kiasi, tezi huzama na maji huingia.

Pili, pima ubao wa tezi, kutoka ukingo wake wa juu hadi chini ya mashua. Mashine huuzwa zenye mguu mfupi, kwa ubao wa kimo cha sentimita 38 hivi, na zenye mguu mrefu, kwa ubao wa sentimita 51 hivi. Mguu ukiwa mfupi mno, rafadha huvuta hewa badala ya maji, na injini hulia bure pasipo kwenda. Ukiwa mrefu mno, hukokota maji na kugonga mawe. Kile kibapa kilicho juu kidogo ya rafadha kiwe sawasawa na chini ya mashua, au chini yake kwa sentimita 2 tu.

Tatu, chagua aina. Mashine ya mipigo miwili ni nyepesi, ina vyuma vichache, na fundi wa kijijini huielewa. Lakini oili yake huchanganywa na petroli, nayo hutoa moshi mwingi. Mashine ya mipigo minne hunywa petroli kidogo zaidi na haitaki kuchanganyiwa. Lakini ni nzito, bei yake ni kubwa, na oili yake hubadilishwa kwa wakati maalumu kama ya gari.

Nne, uliza habari za vipuri. Wazee wa pwani husema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anunuaye mashine ya bei rahisi ambayo vipuri vyake havipatikani karibu, hata azunguke wapi, hurejea pale pale penye gharama.

Ukinunua iliyotumika, usitoe fedha kabla hujaiona ikifanya kazi, mguu wake ukiwa ndani ya pipa la maji. Vuta kamba ya kuwashia polepole: mkono wako uhisi ukinzani wa kutosha, maana kamba ikija laini mno, huenda pistoni na silinda zimelika. Kisha mwombe mwenyewe aifungue skrubu ya chini ya sanduku la gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani.

KUCHANGANYA MAFUTA

Hapa ndipo mashine nyingi za mipigo miwili hupata kifo chao. Soma kitabu kilichokuja na mashine, na kipimo chake ndicho sheria. Mashine nyingi za siku hizi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Maana yake, lita 1 ya petroli hutiwa oili mililita 20, na lita 20 hutiwa mililita 400. Mashine mpya, katika saa 10 za kwanza, kwa kawaida hutaka oili maradufu, yaani mililita 800 kwa lita 20. Wakati huo isikimbizwe kwa nguvu zote.

Oili ikipungua, pistoni hukauka na kukwama katika silinda. Oili ikizidi, plagi huchafuka na injini hukohoa. Kwa hiyo tumia chupa yenye alama za kipimo, wala usikisie kwa jicho. Oili iwe ile iliyoandikwa TC-W3, iliyotengenezwa kwa mashine za mashua zipozwazo kwa maji. Oili ya pikipiki au ya gari haifai.

Petroli ichujwe kwa chujio safi, kwa kuwa tone la maji au chembe ya mchanga hutosha kuizima mashine. Tangi lijazwe pwani, mbali na sigara na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutulia chini ya mashua, na cheche moja yatosha kuuwasha.

KAZI YA KILA JIONI

Mashine hupozwa na maji yanayovutwa kutoka nje. Ndani ya pampu yake mna kigurudumu cha mpira, na kazi yake huonekana kwa mchirizi wa maji utokao nyuma ya mashine. Kila uwashapo, utazame mchirizi huo. Ukikoma, zima mara moja. Huenda tundu la kuvutia maji limezibwa na magugu au karatasi ya nailoni, au mpira umekatika. Kwa sababu hiyo hiyo mashine isiwashwe kamwe nchi kavu pasipo maji, hata kwa kuijaribu tu, kwa maana mpira ule huungua kwa muda mfupi.

Atumiaye mashine baharini aiweke katika pipa la maji baridi kila arudipo, aiwashe kwa dakika 5 hadi 10 bila kuingiza gia, ili chumvi ioshwe ndani. Chumvi ikikauka huziba njia za maji, na injini huchemka. Kisha achomoe mpira wa petroli, aiache iendelee mpaka izime yenyewe, ili petroli yenye oili isigande katika kabureta. Aipanguse kwa kitambaa na kuiweka wima, kichwa juu.

Mguuni mna kipande cha zinki au madini mengine laini. Kimewekwa makusudi kiliwe na chumvi badala ya mguu wenyewe. Kisipakwe rangi, na kikilika nusu kibadilishwe.

KAZI YA BAADA YA SAA 100

Baada ya kila saa 100 za kazi, au kila miezi 6, badilisha oili ya gia. Oili mpya huingizwa kwa tundu la chini, ikipanda mpaka itokee tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Ikiwa ile ya zamani imekuwa nyeupe, mpelekee fundi abadilishe mpira wa kuzuia maji. Mpira huo ni wa bei ndogo, lakini meno ya gia ni ya bei kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wakati huo huo chomoa rafadha. Mara nyingi utakuta uzi wa kuvulia umejizungusha katika mhimili, na ndio uliokata mpira ule. Uondoe, paka grisi, na urudishe. Safisha plagi, na ubadilishe zilizolika.

Mashine ikianguka majini, isiachwe ikauke juani, maana kutu huanza mara ipatapo hewa. Ioshe kwa maji baridi, chomoa plagi, vuta kamba polepole mpaka maji yatoke, tia oili kidogo ndani ya silinda, nawe umfikie fundi siku ile ile. Lakini kamba ikigoma, usiilazimishe.

KABLA YA KUTOKA PWANI

Kaza skrubu za kushikia mashine, na uifunge kwa mnyororo. Gawa petroli mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na moja la akiba kwa upepo mbaya. Fungua skrubu ya hewa juu ya tangi, kwa kuwa ikifungwa petroli haishuki. Beba plagi za akiba, spana, na makafi. Vaeni jaketi za kuokolea maisha, na nahodha ajifunge mkononi kamba ya kuzimia, ili akitupwa majini mashine izime, mashua isimwache wala rafadha isimkate.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Lita 15 za petroli, kwa kipimo cha 50 kwa 1, zatiwa oili kiasi gani?
2. Mchirizi wa maji umekoma katikati ya safari. Wafanya nini kwanza?
3. Oili ya gia imetoka nyeupe. Sababu ni nini?

Jibu la swali la kwanza ni mililita 300. Majibu mengine yamo humu ndani. Msomaji mwenye jirani avuaye lakini hasomi, na amsomee makala haya kabla ya msimu wa upepo.