Mbolea Salama kwa Maboga ya Nyumbani

Ufugaji wa ng'ombe ni jambo la kawaida Nyamwaga, wilayani Tarime. Hivyo samadi ya kurutubishia maboga haiko mbali. Swali ni itumike katika hali gani.

Samadi mbichi huweza kuunguza mizizi ya miche, na huweza kubeba vimelea vya kuhara. Boga hukomaa kwa takriban miezi mitatu hadi minne, lakini majani yake huchumwa kwa mboga wiki chache tu baada ya kupanda. Hivyo mchumaji huweza kugusa vimelea vilivyo hai bado.

Lundika samadi pamoja na majani makavu, nyunyizia maji, funika lundo na uligeuze mara kwa mara. Joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi, likidumu siku kadhaa, huua vimelea vingi. Mbolea iliyoiva ni nyeusi, haina harufu kali. Changanya nusu debe na udongo wa juu katika kila shimo. Ongeza kidogo mmea unapoanza kutambaa, kisha acha: naitrojeni ikizidi, majani hustawi na matunda hupungua.

Bakteria wa pepopunda hustahimili joto hilo. Vaa viatu bustanini. Ukijeruhiwa, osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha uende kituo cha afya kuulizia chanjo.

Faida ya kazi hii ni kubwa: boga la manjano, likipikwa kwa mafuta kidogo, humpatia mtoto vitamini A inayolinda macho yake.