Anzeni na kurasa 16

Kazi ya darasani husomwa na mwalimu, hupewa alama, kisha huishia kabatini. Kijarida hakikubali hivyo. Mwandishi atachelewesha makala, kichwa cha habari kitazidi nafasi, mpiga chapa atataka faili Ijumaa, na msomaji asiyewajua atakifungua bila nyinyi kuwepo kumweleza mlichokusudia. Kwa mwanafunzi wa usanifu, sijui zoezi linalofundisha zaidi ya hilo.

Mwaka 1950 wanafunzi wa Royal College of Art, London, walianzisha jarida la ARK, likachapishwa hadi 1978. Wahariri walibadilika, na sura yake ikabadilika nao. Huko Yale, Marekani, Perspecta la wanafunzi wa usanifu majengo lilianza 1952, na hadi leo wanafunzi ndio wanaolihariri. Kupokezana huko ndiko ningependa mkuige.

Msianze na mpangilio. Anzeni na jambo mnalotaka kulijua. Nani huchora mabango ya vinyozi mtaani kwenu, na herufi zake alijifunzia wapi? Makala tatu na picha nzuri zinatosha. Mmoja wenu apewe mamlaka ya kukataa kazi, hata ya rafiki, maana kijarida kinachopokea kila kitu hakisomeki.

Sasa karatasi. Kijarida cha kubanwa kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Chukueni karatasi 4 za A4, zipangeni pamoja, zikunjeni katikati: mna kurasa 16 za A5. Ziandikeni namba kwa penseli kabla ya kuwasha kompyuta, kisha zitawanyeni. Wa 1 umekaa kando ya wa 16, wa 2 kando ya wa 15. Kila jozi jumla yake ni 17. Ndani, penye mkunjo, acheni nafasi ya kutosha maneno yasimezwe. Picha inayofika ukingoni ipitilize milimita 3, la sivyo kisu kitaacha mstari mweupe. Halafu chapeni ukurasa mmoja kwa ukubwa wake halisi: herufi zilizopendeza kwenye skrini mara nyingi huwa kubwa mno karatasini.

Mpiga chapa mwoneni mapema, mkiwa na mfano huo wa penseli mkononi. Wanafunzi wa Makerere wana Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa hapo hapo Kampala. Muulizeni ana karatasi gani dukani na anataka faili ipangweje. Ofseti inahitaji bamba kwa kila rangi, hivyo nakala chache hugharimu sana. Kwa nakala 50, fotokopi nyeusi kwenye karatasi ya rangi hupendeza na haiwafilisi.

Ukurasa wa mwisho utaje kila aliyeshiriki, fonti, aina ya karatasi, mpiga chapa, mwezi na mwaka. Pelekeni nakala mbili maktaba ya chuo kabla hamjauza hata moja. Faili zote, pamoja na hesabu za fedha, wakabidhiwe wa mwaka wa pili kabla mitihani haijaanza.