Dondoo muhimu: Bendi ikutane mara ngapi?
Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978, na mahasimu wao Msondo Ngoma walipiga dansi kumbi za Dar es Salaam usiku kadhaa kwa wiki; jukwaa lenyewe liliwanoa. Bendi changa yenye shoo moja kwa mwezi haina bahati hiyo.

Mazoezi mara mbili kwa wiki, ya muda wa saa mbili au tatu, yanatosha. Onyesho likikaribia, iongezwe siku ya tatu.

Kila mmoja ajifunze sehemu yake nyumbani. Wakikutana ni kuunganisha tu: solo na ridhimu zipishane, besi ishikane na drams, wote waingie sebene kwa pigo moja, maana hapo ndipo wengi huumbuka. Simu irekodi, wasikilize kabla ya kutawanyika.

Mpiga besi asipotokea, heri kuahirisha.