Kahawa Yenye Asidi Kidogo: Namna ya Kuichagua na Kuinunua

Walaji wengi wanaosumbuliwa na kiungulia hutafuta kahawa iliyoandikwa "asidi kidogo", na huwa tayari kuilipia bei ya juu. Katika somo hili tunaeleza maana ya maneno hayo na mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha.

Maana ya asidi

Kipimo cha pH cha kahawa iliyopikwa hukaribia 5. Cha maji ya machungwa hukaribia 3.5. Kadiri kipimo kinavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi. Kwa hiyo kahawa ya kawaida haikosi asidi. Aidha, wafanyabiashara wa kahawa hutumia neno "asidi" kwa maana ya ladha, yaani ule uchachu mwepesi unaosifiwa katika arabika ya Kilimanjaro. Muulize muuzaji: lebo inazungumzia ladha au kipimo?

Mambo yanayopunguza uchachu

1. Aina ya buni. Robusta, inayolimwa zaidi Kagera, huwa na uchachu mdogo kuliko arabika. Hata hivyo, kafeini yake hukaribia mara mbili ya ile ya arabika.
2. Ukaangaji. Buni ikikaangwa hadi kuwa nyeusi, sehemu kubwa ya asidi zake za asili huvunjika.
3. Ukaushaji. Buni iliyokaushwa pamoja na ganda lake mara nyingi huwa na uchachu mdogo kuliko iliyomenywa na kuoshwa.

Kafeini nayo huchochea tumbo kutoa asidi. Hivyo, lebo ya "asidi kidogo" si dawa ya kiungulia. Maumivu yakiendelea, mwone daktari.

Ukaguzi dukani

- Tafuta tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi pekee haikuonyeshi kahawa imekaa rafuni muda gani.
- Ukiweza, nunua punje nzima na uzisage nyumbani. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu yake upesi zaidi.
- Nunua kiasi cha kutosha wiki mbili hivi. Kihifadhi katika chombo kinachofunga vizuri, mbali na mwanga, joto na unyevu.
- Kataa mfuko uliotoboka au wenye harufu ya mafuta yaliyochina.
- Angalia alama ya ubora ya TBS, kisha dai risiti.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukihisi umepotoshwa, tunza mfuko na risiti; ndivyo vielelezo vya malalamiko yako.

Jipime

Mfuko wa kwanza una robusta nyeusi iliyosagwa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi tu. Wa pili una punje za arabika zilizokaangwa wastani wiki mbili zilizopita. Upi unakufaa?

*Jibu:* Wa kwanza una uchachu mdogo, lakini una kafeini nyingi na umri wake haujulikani. Wa pili una uchachu zaidi, ila kafeini yake ni ndogo na umri wake unajulikana. Anayekwepa uchachu wa ladha anaweza kuuchagua wa kwanza. Anayesumbuliwa na kafeini, wa pili.