Kitabu Kisicho na Jina Hakina Isnadi: Somo la Kupanga Vitabu vya PDF



Ndugu msomaji, fungua simu yako uangalie nyaraka zilizoingia kwa WhatsApp. Utakuta msururu wa faili zenye majina kama DOC-20240312-WA0007. Moja ni kitabu cha fikihi, nyingine ni notisi za darasa, nyingine ni tafsiri ya Juzuu Amma, na huwezi kuzitambua mpaka ufungue moja moja. Zamani mwanafunzi wa Adumi aliyetaka kitabu kikubwa ilimbidi afike Arua mjini akakiazime kwa sheikh, na huyo sheikh alimweleza ni kitabu cha nani kabla hajakibeba. Leo juzuu zote 13 za Fat'h al-Bari zinaingia kwenye memori kadi ndogo kuliko kucha, lakini hakuna anayetueleza kitu. Vitabu vimeongezeka, maelezo yamepungua.

Somo letu ni hili: kabla hujategemea faili yoyote, ujue ni ya nani, ni chapa gani, na utaipata wapi ukiihitaji tena. Sisi tunaosoma elimu ya hadithi hatupokei maneno bila kuuliza yamepitia kwa nani. Basi kwa nini tupokee PDF bila kuuliza?

1. Nani anasema?

Tuchukue mfano wa karibu. Umetumiwa faili iitwayo "Kurani ya Kiswahili". Ukurasa wa jina haumo, kwa kuwa aliyepiga picha alianza na Al-Fatiha. Sasa hiyo ni tarjuma ya nani?

Tarjuma kamili ya mwanzo ya Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na mwandishi wake, Godfrey Dale, alikuwa mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Zanzibar. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tarjuma ya Jumuiya ya Ahmadiyya, iliyosimamiwa na Mubarak Ahmad. Masheikh wa Afrika Mashariki waliipinga, miongoni mwao Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, ambaye tarjuma yake mwenyewe ilikamilika mwaka 1969. Baadaye, mwaka 1995, ikaja ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani.

Watu wanne, nia tofauti, itikadi tofauti, wote kwa Kiswahili kizuri. Mwanafunzi anayenukuu kutoka kwenye faili isiyo na jina anaweza kusimama mbele ya jamaa msikitini akasoma maelezo ya mmisionari huku akidhani anamsoma Sheikh al-Farsy. Hapo tatizo si simu kujaa. Tatizo ni dini ya watu.

2. Waliotutangulia walipangaje?

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Mwaka 377 Hijria (987 Miladia), muuza vitabu wa Baghdad aitwaye Ibn al-Nadim aliandika al-Fihrist. Aliigawa katika makala kumi na akaorodhesha waandishi pamoja na vitabu vyao kwa kila fani. Vingi kati ya vitabu hivyo vimepotea kabisa, na leo tunajua kwamba viliwahi kuwapo kwa sababu tu aliandika majina yake. Karne nyingi baadaye, Haji Khalifa wa Istanbul, aliyefariki mwaka 1657, akakusanya Kashf al-Zunun, orodha ya maelfu ya vitabu.

Watu hawa walipanga kwa kalamu na wino. Sisi wenye simu hatuna udhuru.

3. Hatua za kupanga

Kwanza, chuja. Futa nakala zinazojirudia. Ukiwa na nakala tatu za Riyadh al-Salihin, bakisha ile yenye ukurasa wa jina na kurasa zote. Angalia pia kama ni PDF ya maandishi au ya picha. Ya maandishi unaweza kutafuta neno ndani yake. Ya picha mara nyingi huwezi, na hula nafasi kubwa zaidi.

Pili, ipe kila faili jina jipya kwa mpango mmoja. Mpango unaofaa vitabu vyetu ni huu: mwaka wa kufariki mwandishi kwa Hijria, jina lake, kitabu, halafu juzuu. Kwa mfano:

0676_Nawawi_RiyadhSalihin
0852_IbnHajarAsqalani_FathBari_01

Kwa nini mwaka wa kufariki? Kwa sababu majina yanafanana. Ibn Hajar al-Asqalani alifariki mwaka 852, na Ibn Hajar al-Haytami mwaka 974. Ibn al-Jawzi alifariki 597, na Ibn Qayyim al-Jawziyya 751. Mwaka unawatenganisha. Tena faili zinajipanga zenyewe kwa zama, ukaona nani alimtangulia nani. Mwandishi aliye hai andika HAI mahali pa mwaka. Atakaa mwisho wa orodha.

Usisahau sifuri za mwanzo. Vifaa vingi vikipewa 1, 2, 10 huweka 10 kabla ya 2. Vikipewa 01, 02, 10 vinapanga sawasawa. Na uchague tahajia moja. Ukiandika Bukhari leo, Bukhaariy kesho na Al-Bukhary keshokutwa, utamtafuta imamu mmoja mahali patatu.

Tatu, tengeneza folda chache: Qur'an, Hadithi, Fikihi, Akida, Sira na Tarekhe, Lugha, Masomo ya Darasani. Ongeza moja iitwayo MPYA, ambamo kila kinachoingia kinasubiri. Siku moja kwa wiki, baada ya Alfajiri, pitia MPYA: kipe jina, kipeleke mahali pake, au kifute.

Nne, uwe na fihrist yako. Mwenye kompyuta atumie Calibre, programu ya bure inayohifadhi jina la mwandishi, kitabu na fani, na kitabu kimoja kinaweza kuwekwa chini ya fani mbili. Ila ukishaingiza vitabu humo, usiende kuvihamisha kwa mkono ndani ya folda yake; fanya kila kitu kupitia programu yenyewe. Asiye na kompyuta daftari linatosha. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inatuamrisha kuandika madeni tunayopeana. Nawe andika: kitabu, aliyekupa, tarehe.

4. Tahadhari kwa wanaoandika utafiti

Wengi wetu tunatumia al-Maktaba al-Shamila, nayo ni neema kubwa, kwani ikishapakuliwa inafanya kazi bila intaneti. Lakini kila kitabu humo kina kadi yake. Isome kwanza. Kadi hutaja mhakiki, mchapishaji na chapa, na husema kama kurasa zinalingana na kitabu kilichochapwa au zimepangwa na kompyuta tu. Ukinukuu ukurasa uliopangwa na kompyuta, msimamizi wako atafungua kitabu cha karatasi na hatakuta maneno hayo. Ataona umedanganya, kumbe hukusoma kadi.

5. Haki ya mwandishi

Imam al-Nawawi hadai malipo, lakini mhakiki na mfasiri wa leo wana haki katika kazi yao. Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwezi Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi zinalindwa na sharia na haifai kuzivamia. Uganda nayo ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Basi tuanze na vitabu ambavyo wenyewe wamevitoa bure, na hivyo ni vingi kuliko tunavyoweza kusoma.

6. Nakala ya akiba

Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha na kuwekwa mtandaoni kupitia mradi wa British Library wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia maktaba hiyo, huduma zake za mtandaoni zikazimika, na nyingi zilichukua miezi kurudi. Aliyekuwa na kiungo peke yake alibaki nje ya mlango. Karatasi zenyewe zilikuwa Lamu.

Ikiwa maktaba ya taifa kubwa inapatwa, sembuse simu inayoweza kuanguka kutoka kwenye boda? Weka nakala mbili zaidi: moja kwenye flashi inayokaa nyumbani, nyingine kwa ndugu unayemwamini. Vitabu 50 ulivyovilinda ni bora kuliko 5,000 vinavyosubiri simu ipotee.

7. Baada ya kupanga

Sura ya Al-Jumu'a, aya ya 5, inatupa mfano wa punda aliyebebeshwa vitabu vikubwa. Punda huyo anaweza kuwa amebeba vitabu vizuri sana, havimfai kitu. Kupanga kusipotufikisha kwenye kusoma, tumempangia punda mzigo tu. Kila mwezi teua kitabu kimoja kwenye fihrist yako, kisome chote, uandike tarehe uliyokimaliza.

Zoezi la halaqa

a) Kila mmoja alete faili tano zisizo na majina. Tushirikiane kutambua mwandishi, mhakiki na chapa.
b) Tafuta tarjuma ya Qur'an iliyomo kwenye simu yako. Ni ya nani kati ya wanne tuliowataja, au ni ya mwingine?
c) Simu yako ikipotea leo usiku, utabaki na vitabu gani?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuifanyie kazi. Amin.

Wallahu a'lam.