Dalali Mmoja, Bei Mbili

Shangazi, tunatafuta nyumba ya vyumba viwili hapa Port Reitz kwa kuwa watoto wetu wamekua. Dalali tuliyempata amenichosha. Namwambia uwezo wetu ni shilingi 12,000, yeye ananipeleka kwenye nyumba za 18,000, na kila mara nalipa pesa ya kuonyeshwa. Nikilalamika hanijibu. Mume wangu pia ana namba yake lakini humpigia kivyake. Niongee vipi na huyu dalali anielewe?
Mama wa Wawili, Port Reitz

Mwanangu, barua yako ilikuwa ndefu na karibu yote ilimhusu dalali, kwa hivyo nimeikata. Neno lenye uzito umelipitia mbio: mumeo humpigia kivyake. Humwambia bei gani? Hukuandika, nami naamini ni kwa sababu hujui. Dalali, kwa kawaida, hulipwa kwa kufuata kodi. Kodi ikipanda, na fungu lake hupanda. Akisikia 12,000 kwako na 18,000 kwa mumeo, ataifuata ya juu hata akiwa mtu mwaminifu, maana kwake ninyi ni mteja mmoja, na anayetaja bei kubwa humwona ndiye mwenye uamuzi. Hapo ndipo ninapouelewa ukimya wake. Atamjibuje mke bila kumchongea mume?

Utaniambia kwamba huyu anakula tu pesa ya kuonyeshwa. Wapo wa namna hiyo, na kinga dhidi yao ni fupi. Sheria ya maajenti wa nyumba, Sura ya 533, inamtaka mwenye kufanya kazi hii awe amesajiliwa na bodi yake, basi mwulize namba ya usajili bila haya. Usitume dipoziti kwa M-Pesa kabla hujaingia ndani ya nyumba na kuonana na mwenyewe au keateka. Lakini hata mkimpata dalali safi kuliko wote wa Changamwe, mkimpa bei mbili atawatembeza vilevile.

Mimi nashikilia kwamba kodi ya nyumba ni neno la watu wawili, hata pesa zikitoka mfuko mmoja. Sisemi hivi kwa ajili ya mapenzi peke yake. Hapo Port Reitz gharama ya nyumba haiishii kwenye kodi. Maji ya Mombasa hutoka mbali, mengine Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na mfereji ukikauka mnanunua kwa mtungi. Nyumba ya 12,000 isiyo na maji inaweza kuwashinda kuliko ya 15,000 yenye kisima na tangi, na anayejua mitungi mingapi huisha kwa siku ni wewe. Mumeo naye pengine anajua nauli ya alfajiri, au hataki watoto walale kando ya barabara ya malori ya bandarini. Huenda 18,000 yake ina sababu nzuri, na 12,000 yako pia. Kila mmoja ana nusu ya hesabu, na mmempa mtu baki azijumlishe.

Najua jibu linalokuja: mume ndiye mlipaji, nikimwuliza ataona namhesabia mfukoni. Hapa nitakugombeza kidogo. Nyumba ya 18,000 ikitakiwa kodi ya mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, ni 36,000 siku ya kuingia. Ya 12,000 ni 24,000. Tofauti hiyo itatoka wapi? Ikiwa ni mkopo, utaujua siku mwenye nyumba atakapogonga mlango, na wewe ndiye utakayekuwa ndani na watoto. Wala msitegemee Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Hiyo inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, nanyi mko mbali nayo. Kumwuliza mumeo ni kumheshimu. Kumwacha ataje bei asiyoiweza mbele ya mgeni, kwa kuogopa kuonekana mnyonge, ndiko kumvunjia heshima. Na kama anao uwezo huo, nawe umekuwa ukitaja 12,000 kwa woga tu, unastahili kujua.

Basi leo, watoto wakilala, mwulize kwa upole: tunaweza kulipa ngapi kila mwezi bila kukopa? Usianze na lawama za dalali. Mkikubaliana, mtumieni dalali ujumbe mmoja kutoka simu moja: bei ya mwisho, vyumba, maji, na mitaa mnayoikubali, iwe Port Reitz penyewe, Chaani au Magongo. Mwambieni bei za zamani zimefutwa, na kwamba kabla ya kuwatoa nyumbani atume picha na kodi kamili ya nyumba. Akiendelea kuwapeleka penye 18,000 baada ya hapo, kosa litakuwa lake, mwacheni mtafute mwingine. Lakini mumeo akikataa kukutajia hesabu yake, usihangaike kwanza na dalali wa pili. Niandikie tena, na barua hiyo iwe ya wewe na mumeo. Dalali mwache nje.